Afya ya Nyumbani: Moyo Uendao Mbio

Tumepokea barua kutoka Mabogini, na kwa kuwa neno liulizwalo ndani yake hupata nyumba nyingi kuliko watu wasemavyo, twaona vema kulijibu hapa mbele ya wote.

Mwenye barua ni mwalimu, naye auliza kwa ajili ya mama mmoja jirani yake. Mama huyo akiwa katika majaruba ya mpunga, au ameketi tu jikoni akichambua mboga, mara moyo wake huanza kwenda mbio pasipo kumwonya, mithili ya ndege aliyefunikwa chunguni. Jasho humtoka, kichwa huwa chepesi, naye hukaa hivyo nusu saa au zaidi. Kisha moyo hutulia ghafula, kana kwamba hapakuwa na neno. Mara tatu amepelekwa zahanati, na kila mara alipofika moyo ulikuwa umekwisha kutulia. Akapimwa, asionekane na kitu, akaambiwa kwamba ni mawazo. Majirani nao wana yao. Wengine wasema ni presha, wengine wasema ni mapepo, na wako waliomnong'oneza mumewe kwamba mkewe ana siri moyoni, nayo ndiyo imsumbuayo. Sasa mama huyo hataki tena kupelekwa popote, maana aona haya kwenda kuambiwa kwa mara ya nne kwamba hana kitu. Mwalimu auliza: Je, ni ugonjwa au ni hofu? Na kama ni ugonjwa, una dawa?

Hatuwezi kumpima mtu kwa barua. Walakini kwa hayo aliyoyaandika mwalimu twathubutu kusema kwamba mama huyo asiachwe na haya yake. Upo ugonjwa wa moyo ufananao kabisa na habari hii, una jina lake, na dawa yake ipo. Nao una tabia hiyo mbaya ya kujificha mara mgonjwa afikapo mlangoni pa mganga.

Kwanza na tujue moyo uliotulia huendaje. Moyo wa mtu mzima aliyepumzika hupiga mara 60 hata 100 kwa dakika moja, yaani kama mara 100,000 kwa siku nzima. Moyo wa mtoto mchanga huenda upesi zaidi, hata mara 120 na kupita, wala hilo si ugonjwa. Tena moyo ni mtumishi mtiifu sana. Ukipanda mlima kutoka Moshi mjini kwenda Kibosho kwa miguu, utakwenda mbio. Ukishikwa na homa ya malaria, utakwenda mbio. Hali kadhalika mtu akiharisha hata maji ya mwili yakapungua, au mama akipungukiwa damu baada ya kujifungua. Hapo moyo hauna kosa lo lote. Damu ni kidogo au ni ya moto, basi wapaswa kuizungusha upesi, na ukitibu homa ile au upungufu ule wa damu, moyo utarejea wenyewe katika mwendo wake. Kumpa mtu wa namna hii dawa ya kuutuliza moyo ni kama kumpiga punda mwenye mzigo mzito kwa sababu anahema.

Kati ya sababu hizo moja twataka kuitaja kwa jina, maana sisi tu watu wa milimani. Tezi iliyo mbele ya koo, iitwayo thairoidi, hutoa maji yake katika damu kuamuru mwili uende upesi au polepole. Wazee wetu walioona rovu katika shingo za watu wanajua jinsi lilivyokuwa kitu cha kawaida katika nchi za milima, kabla chumvi haijaanza kutiwa madini joto katika miaka ya 1990. Sasa basi, tezi ikifanya kazi kupita kiasi, moyo huenda mbio usiku na mchana, mikono hutetemeka, mtu hukonda ingawa anakula vizuri, wala hapendi joto. Huyu naye mara nyingi huambiwa kwamba ana wasiwasi. Apimwe damu ya tezi hiyo, kisha atibiwe tezi.

Lakini mama wa barua yetu si wa namna hizi. Alama yake ni lile neno "ghafula". Moyo utiiao hofu au homa hupanda hatua kwa hatua na kushuka hatua kwa hatua, kama mtu apandaye kilima na kushuka. Moyo wenye ugonjwa tunaousema huruka mara moja kutoka 75 hata 180, na kurudi mara moja vilevile. Tena iko hesabu moja nyepesi ya kukumbuka: toa umri wa mtu katika 220, nawe utapata kadiri ya mwisho ambayo moyo wake hufikia akikimbia kwa nguvu zake zote. Mtu wa miaka 40 mwisho wake ni kama 180. Basi ukimkuta mtu wa miaka hiyo ameketi kitako jikoni na moyo wake wapiga 190, usiseme ni mawazo. Mawazo hayana nguvu hizo.

Na ili kuelewa sababu yake, yatupasa kutazama jinsi moyo unavyopata amri zake. Mwaka 1906 Mjapani mmoja, Sunao Tawara, akifanya kazi huko Ujerumani, aliandika habari za njia nyembamba ndani ya moyo zipitishazo umeme kutoka vyumba vya juu kwenda vyumba vya chini. Mwaka uliofuata Waingereza wawili, Arthur Keith na mwanafunzi wake Martin Flack, wakatangaza kwamba wameona chanzo chenyewe cha umeme huo. Flack alikiona kwanza katika moyo wa fuko, yule mnyama ambaye wakulima wetu hawampendi hata kidogo. Basi chanzo hicho ni kijisehemu kidogo juu ya chumba cha kuume, nacho hutoa umeme mdogo sana kila wakati. Umeme huenea katika vyumba viwili vya juu navyo hukaza. Kisha hufika penye mlango mmoja katikati ya moyo, hapo hungojeshwa kitambo kidogo ili damu ipate kushuka, ndipo huteremka kwa vyumba vya chini navyo hukaza kwa nguvu na kuisukuma damu mwilini.

Watu wa Mabogini hawahitaji mfano kutoka mbali. Wanaijua mifereji iliyojengwa kwa msaada wa Ujapani katika miaka ya 1980, iletayo maji ya Rau na ya chemchemi ya Njoro katika mashamba ya mpunga. Maji huja kwa mfereji mkubwa, hufika penye mlango, na mwenye zamu huyafungulia kwa kiasi. Pakiwa na mlango mmoja na zamu moja, kila jaruba hupata haki yake. Lakini tuseme mtu amechimba usiku mfereji wa wizi pembeni mwa mlango: siku ile taratibu yote imeharibika.

Ndivyo ilivyo katika moyo wa watu kadhaa tangu kuzaliwa kwao. Wana njia ya pili ya umeme, ama ndani ya mlango wenyewe, ama pembeni yake. Hapa mfano wetu wa maji wafikia mwisho, maana maji hayapandi juu, bali umeme hupanda. Umeme hushuka kwa njia moja, hukuta ile nyingine iko wazi, hupanda nayo, hushuka tena, hupanda tena, ukizunguka pale pale kama mbwa afukuzaye mkia wake, na kila mzunguko mmoja ni pigo moja la moyo. Chanzo cha haki hakisikiwi tena. Kisha pigo moja likichelewa kidogo duara hukatika, na moyo hurudi kwa bwana wake wa kwanza. Ndiyo maana huanza ghafula na kukoma ghafula. Mwaka 1930 waganga watatu, Louis Wolff na Paul White wa Marekani na John Parkinson wa London, waliandika pamoja habari za vijana wenye afya njema ambao mioyo yao ilikuwa na njia hiyo ya pembeni, na hata leo namna hiyo huitwa kwa majina yao. Ile namna ya njia mbili ndani ya mlango hupata wanawake zaidi ya wanaume. Wengi wao husema kwamba shingo hudunda wakati wa tukio, tena kwamba hukojoa sana. Mwalimu na amwulize mama yule mambo hayo mawili.

Sasa twafika penye shida yenyewe. Ugonjwa huu huthibitishwa kwa karatasi ya kipimo cha umeme wa moyo, ambacho hospitalini hukiita kwa herufi tatu, ECG. Mwenye kukitengeneza, Willem Einthoven, alizaliwa Java akafanya kazi yake Uholanzi. Chombo chake cha mwanzo wa karne iliyopita kilikuwa kikubwa cha kujaza chumba, na mgonjwa alitumbukiza mikono na mguu katika ndoo za maji ya chumvi. Alipewa tuzo ya Nobel mwaka 1924. Leo chombo hicho chabebeka chini ya kwapa kama kitabu, na kumpima mtu ni kazi ya dakika chache isiyo na maumivu. Lakini karatasi huandika yale tu yaliyopo saa ile. Moyo ukiwa umekwisha kutulia, mara nyingi karatasi itaonyesha moyo mzima, na mganga asiye mwangalifu atasema huna kitu. Ni sawa na kumwita polisi asubuhi aje kumwona mwizi wa jana usiku.

Kwa hiyo shauri letu kwa nyumba kama hii ni kwamba moyo uanzapo kwenda mbio, mtu apelekwe wakati ule ule, asingojeshwe hata utulie, tena apelekwe mahali penye kipimo hicho. Kutoka Mabogini safari ya kwenda mjini si ndefu. Iko Hospitali ya Mawenzi mjini Moshi, na juu ya mji iko KCMC, iliyofunguliwa mwaka 1971, ambayo ni hospitali ya rufaa kwa watu wote wa kanda ya kaskazini. Afikapo mlangoni aseme waziwazi, "Moyo wangu waenda mbio sasa hivi, naomba kipimo cha umeme wa moyo kabla haujatulia." Wala asione haya kulisema kwa sauti. Tena aiombe karatasi ile au nakala yake, aitunze pamoja na vyeti vya nyumbani, maana kwa mganga wa moyo karatasi moja iliyoandikwa wakati wa mbio ina thamani kuliko karatasi kumi za wakati wa utulivu. Hata ile iliyoandikwa wakati wa utulivu isitupwe, kwa kuwa ile njia ya pembeni ya Wolff na wenzake huacha alama yake humo mara nyingi, kwa jicho linalojua kuitafuta.

Kabla ya kutoka nyumbani, au njiani, au penye benchi la kungojea, kuna jambo moja la kufanya, na ni la ajabu kwa wepesi wake. Mlango ule wa katikati ya moyo hutii mshipa wa fahamu utokao kichwani, na mshipa huo huamshwa mtu akikaza pumzi kwa nguvu. Jambo hili lajulikana tangu zamani kwa jina la Valsalva, mganga wa Italia. Lakini mwaka 2015 waganga wa Uingereza walitangaza namna bora ya kulifanya, baada ya kuwajaribu wagonjwa 428. Mgonjwa huketi nusu ameegemea, hupuliza kwa nguvu ndani ya bomba la sindano tupu la mililita 10, kiasi cha kukisukuma kidogo kile kijiti chake, kwa sekunde 15. Mara amalizapo hulazwa chali, na mtu mwingine humwinua miguu yake juu kwa sekunde 15. Kwa njia ya zamani walipona 17 katika kila 100. Kwa kulazwa na kuinuliwa miguu walipona 43 katika kila 100. Hapana dawa, hapana gharama. Mtu mwenye maumivu ya kifua, au anayezimia, asipoteze wakati kwa kupuliza, apelekwe upesi. Tena watu wasibonyeze shingo wala macho ya mgonjwa, kama tusikiavyo kwamba wengine hufanya. Shingo ya mzee ikibonyezwa yaweza kumletea kiharusi, na jicho laweza kuharibika.

Akifika hospitali na moyo ukaendelea, hupigwa sindano ya adenosini katika mshipa wa mkono, upesi sana. Dawa hiyo huufunga ule mlango kwa sekunde chache na kulikata duara. Mgonjwa aambiwe mapema, maana kwa sekunde hizo atajiona kana kwamba roho yatoka; ni kitambo kidogo, kisha moyo hutulia. Dawa za kumeza za kuzuia yasirudi ziko pia, kama propranololi, aliyoigundua James Black wa Scotland, lakini mwenye pumu asiimeze, yaweza kumfunga kifua.

Hapa twaingia katika mlango mwingine wa habari hii, nao ni mzito zaidi. Uko moyo uendao mbio pasipo utaratibu wo wote: pigo moja, kitambo, mawili upesi, kitambo kirefu, matatu. Ukiushika mshipa wa mkono hutapata wimbo ndani yake. Katika moyo huu vyumba vya juu havikazi tena, hutetemeka tu kama uji unaokaribia kuchemka, na damu hukaa pembeni humo na kuganda. Kipande cha damu hiyo kikitoka na kupanda kichwani, ndicho kiharusi. Mtu alilala mzima, akaamka mkono mmoja haunyanyuki na mdomo umekwenda upande. Watu wa moyo wa namna hii hupata kiharusi kama mara tano zaidi ya wengine.

Waganga walipokwenda wilaya ya Hai, jirani zetu, wakawapima wazee zaidi ya 2,200 wenye miaka 70 na kupita, walistaajabu kuona kwamba wenye moyo huu hawakufika hata mmoja katika kila 100. Habari hiyo ilitangazwa mwaka 2012. Huko Ulaya wazee wa umri huo wenye ugonjwa huu ni wengi mara kadhaa. Lakini mtu asifurahi upesi. Kwetu Afrika ugonjwa huu huingia kwa njia nyingine, nao huwachukua vijana. Mtoto hupata mafindofindo, koo lauma, wazazi wasema litapona lenyewe, na kweli lapona. Baada ya wiki mbili au tatu viungo vyavimba na homa yaja, nayo huitwa homa ya baridi yabisi. Hiyo nayo yapita. Lakini imekwisha kuuma valvu za moyo, na baada ya miaka kumi au ishirini valvu imekuwa nyembamba, chumba cha juu kimetanuka kwa kusukuma damu isiyopita, ndipo kinapoanza kutetemeka. Wagonjwa 3,343 wa valvu za namna hii walihesabiwa katika nchi 14, nyingi zikiwa za Afrika, na habari zao zikatangazwa mwaka 2014: nusu yao walikuwa hawajapita miaka 28, na kama mmoja katika kila watano alikuwa na moyo ule utetemekao. Wengi walikuwa wanawake walio katika miaka ya kuzaa.

Kwa hiyo mwalimu mwenye watoto 60 darasani ana kazi kubwa katika habari hii kuliko mganga wa moyo. Mtoto mwenye koo linalouma pamoja na homa apelekwe apimwe, na ikiwa apewa penisilini amalize dawa yake yote, asiache siku ya tatu kwa sababu ameanza kucheza mpira. Na yule aliyekwisha kupata homa ya baridi yabisi hana budi kupigwa sindano yake ya penisilini kila wiki tatu au nne kwa miaka mingi. Tumeona wazazi wanaoacha sindano hizo kwa kuwa mtoto "hana kitu". Hana kitu kwa sababu ya sindano hizo.

Mwenye moyo utetemekao mara nyingi hupewa dawa ya kuzuia damu isigande, iitwayo warfarini. Habari ya dawa hii huanza zizini. Mwaka 1933 mkulima mmoja wa Wisconsin, Marekani, alimpelekea mtaalamu Karl Link ng'ombe aliyekufa kwa kutokwa na damu, pamoja na chombo cha damu isiyoganda. Ng'ombe wake walikuwa wamekula majani makavu yaliyoota ukungu. Link na wenzake wakatafuta ndani ya majani yale mpaka wakakipata kitu chenyewe, na kutokana nacho ikatengenezwa dawa ya kuulia panya mwaka 1948, na baada ya miaka michache dawa ya watu. Wako waendao nyumbani wakaambiwa na jirani, "Hiyo ni sumu ya panya," wakaitupa. Kweli ni dawa kali, ndiyo maana mtu hupimwa damu yake mara kwa mara ili kipimo cha dawa kiwekwe sawa. Mwaka 2022 ulitangazwa utafiti uliofanywa katika nchi 24 za Afrika, Asia na Amerika ya Kusini juu ya wenye valvu zilizoumwa na homa ile na moyo utetemekao, nao ukaonyesha kwamba wale waliotumia dawa hii ya zamani na jamii yake walikufa wachache kuliko wale waliopewa mojawapo ya dawa mpya. Aspirini haitoshi mahali pake. Na mboga za majani, kama mchicha na mnafu, hupunguza nguvu ya warfarini. Lakini mtu asiziache, ale kiasi kile kile kila wiki, nao waganga wataweka dawa kwa kadiri ya chakula chake. Mama mwenye mimba, au anayetazamia kupata, amwambie mganga mapema kabisa, maana yaweza kumdhuru mtoto tumboni.

Kabla hatujaendelea, twaomba ruhusa kusimulia jambo moja kwa wale waliokuzwa kwa vidonge vichungu vya kwinini. Mwaka 1914 mganga Mholanzi, Karel Wenckebach, aliandika habari za mfanyabiashara mmoja aliyekuwa na moyo ule utetemekao. Mganga alimwambia kwamba hana dawa ya kuuondoa. Mgonjwa akajibu kwamba yeye anayo: amekaa katika nchi za malaria, naye ameona kwamba akimeza kwinini moyo wake hurudi sawa. Mganga hakusadiki, lakini kesho yake mgonjwa alirudi na moyo wake umetulia. Mwaka 1918 Walter Frey wa Ujerumani akaonyesha kwamba ndugu yake kwinini, itokayo katika gamba la mti ule ule, yafanya kazi hiyo vizuri zaidi. Kwa miaka mingi ilikuwa dawa kubwa ya moyo, kisha wakaiacha karibu yote, kwa kuwa ilionekana kwamba yaweza pia kuuvuruga moyo hata kuua. Ndiyo sababu kwinini ya mshipa hutolewa polepole na kwa kipimo. Nasi twaisimulia ili mtu asiseme, "Nimesoma gazetini," akaenda dukani kununua vidonge.

Namna ya tatu hatutaikawilia. Ni mbio zianzazo katika vyumba vya chini, mara nyingi kwa mtu ambaye moyo wake ulikwisha kuumia. Hiyo yaweza kumwangusha mtu na kumwua kwa dakika chache. Kijana azimiaye katikati ya mbio au ya mpira, hasa ikiwa jamaa yake mmoja alikufa ghafula kijanani, asirudishwe uwanjani kabla hajapimwa moyo. Na mtu akianguka, haitikii wala hapumui vema, msimwagie maji: mmoja aite msaada, mwingine apige magoti na kukandamiza katikati ya kifua kwa nguvu na upesi, mara 100 hata 120 kwa dakika, bila kuacha mpaka msaada ufike. Hospitalini wana chombo cha kuushtua moyo kwa umeme. Bernard Lown wa Boston alionyesha mwaka 1962 jinsi ya kuulenga umeme huo kwa wakati wake, na mpaka leo ndivyo ifanywavyo.

Turudi kwa wenye duara. Wao wana bahati ambayo wagonjwa wengi wa moyo hawana: waweza kuponywa kabisa. Mganga hupitisha waya mwembamba katika mshipa wa pajani mpaka moyoni, hutafuta ile njia ya pili, kisha huichoma kwa joto mahali padogo pa milimita chache. Mfereji wa wizi umezibwa. Katika kila 100 hupona zaidi ya 90, na wengi wao hawahitaji dawa tena. Iko hatari ndogo ya kuuchoma mlango wenyewe, na hapo mtu hutiwa betri ya moyo. Hilo ni haki yake kuelezwa kabla ya kutia sahihi. Kazi hii imekwisha kufanywa katika nchi yetu, katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, iliyoanza mwaka 2015 hapo Muhimbili, Dar es Salaam. Mtu hufika huko kwa barua ya rufaa, na barua hiyo hutoka upesi zaidi akiwa na ile karatasi mkononi. Mwenye bima aulize kwanza kama yalipa. Asiye na kitu na aende kwa afisa wa ustawi wa jamii wa hospitali kabla hajauza kihamba.

Wasomaji wengine watauliza juu ya kahawa, maana mlimani kwetu kumwambia mtu aache kahawa ni kama kumtukana babu yake. Kikombe kimoja au viwili havikuonekana kuwaletea watu wengi ugonjwa huu. Ila aonaye kwamba humwanzishia mbio, yeye amejua mwenyewe. Mbege na jamaa zake ni habari nyingine. Huko Australia wanywaji 140 wenye moyo utetemekao waligawanywa, nusu wakaacha pombe na nusu wakaendelea. Mwaka 2020 ikatangazwa kwamba katika miezi sita ugonjwa uliwarudia 73 katika kila 100 wa walioendelea, na 53 katika kila 100 wa walioacha.

Na kwa mwalimu wa Mabogini, kazi ya kuanza nayo ni hii. Mfundishe mama yule, na mtoto wake mkubwa anayejua saa, kuushika mshipa chini ya kidole gumba kwa vidole viwili, na kuhesabu kwa dakika nzima, wala si kwa robo dakika, maana moyo wa mbio hudanganya hesabu fupi. Hesabu ikishindikana kwa upesi wake, aandike hivyo hivyo. Katika ukurasa wa nyuma wa daftari mtie mistari ya tarehe, saa ulipoanza, alikuwa akifanya nini, mapigo mangapi, yana mpango au hayana, kifua kiliuma au hakikuuma, alizimia au hakuzimia, ulikoma polepole au ghafula, na saa ulipokoma. Daftari hilo liwekwe mahali pamoja na nauli ya kwenda mjini, ili usiku ule moyo uanzapo tena pasiwe na kutafuta.